Polisi, Mwambie Baba Mkwe

Wenzangu wa karakana,

Tangu nirudi mmenipachika jina la Shujaa wa Rungwe. Mama Salome kaenda mbali zaidi, anawatangazia hata wateja: "Huyu mnayemwona anavalisha makochi, kamwokoa mumewe mlimani!" Naomba muache. Nimeamua kuandika yote kama yalivyokuwa, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza kwa vicheko, nami nikichekeshwa huruka sehemu ninazozionea aibu. Habari za tiketi na vibali vya msituni naziacha, hazina utamu.

Mnanijua nilivyo. Mimi ndiye ninayefika kituoni jioni, kisha narudi Keko kuangalia kama kufuli la karakana limefungwa. Nalitikisa mara tatu, naondoka, narudi tena. Amba, mume wangu, huniita mlinzi asiyelipwa. Yeye ana pumu tangu utotoni, na tangu tuoane, miezi minane sasa, ile pampu yake ya kuvuta imekuwa ndiyo kufuli langu kubwa. Naiulizia asubuhi, naiulizia mchana kwa simu. Likumbukeni hilo.

Mbezi hadi Makambako

Tuliondoka mwanzoni mwa Juni, mvua za kwao Tukuyu zikiwa zimekatika na baridi inaanza. Amba alitaka nikawasalimie wazazi wake, halafu tupande Mlima Rungwe, ambao mara ya mwisho aliupanda na baba yake akiwa darasa la saba. Mzee ana miaka sabini na kitu. Alikuwa amepeleka ujumbe kwamba anataka kufika kileleni mara moja tena na mwanawe kabla magoti hayajamgomea kabisa. Mama mkwe nilimjua, alikuja harusini. Baba mkwe sikuwahi kumwona. "Mzee hapendi joto la Dar," ndivyo Amba alivyoniambia, nami nikaamini.

Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa Kyela, mnene, mcheshi, aliyekula mayai ya kuchemsha tangu Mlandizi. Tulipofika Kitonga, lori lilikuwa limekufa katikati ya kona na magari yamepangana mlima mzima. Tulikaa pale saa tatu nzima. Moshi wa magari ukaingia madirishani, Amba akaanza kukohoa, akavuta pampu mara mbili, akashuka kutafuta hewa. Mimi nikabaki nahesabu kikohozi chake kwa mbali.

"Unakwenda ukweni mara ya kwanza?" yule mama akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Baba mkwe yupo hai?"

"Yupo."

"Basi ukimwona, kimbia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwuliza kama wazee wa huko ni wakali.

"Ukali wa nini? Mwe! Wewe kimbia tu, mwanangu." Akamenya yai jingine, akanipa nusu, akalala.

Amba aliporudi nilimvuta shati. "Hivi baba yako anapigaga watu?"

"Nani, mzee? Hata kuku hachinji, anamwachia mama."

Haikunisaidia. Kutoka pale hadi Makambako, baridi ikipenya chini ya mlango wa basi, niliwaza mzee asiyechinja kuku lakini anayekimbiwa na wakwe.

Tukuyu, nilivyomfukuza mzee

Tulilala Mbeya mjini, asubuhi tukateremka Tukuyu. Nyumba ya wakwe iko mwisho wa njia nyembamba katikati ya migomba. Amba alikuwa nyuma anahangaika na mabegi. Mbele yangu akatokea mzee mrefu mwenye koti la mvua, panga mkononi, na mbwa wa njano miguuni. Sura ilikuwa ya Amba mtupu.

Mimi ni mtoto wa Ukonga, nimelelewa. Nikapiga goti kidogo, nikanyoosha mikono miwili, nikatoa sauti ya kumfurahisha: "Shikamoo, baba!"

Mzee akaruka. Nasema akaruka, na miaka yake yote, akatumbukia kwenye migomba, na majani yakabaki yanatikisika. Mbwa alibaki pale ananitazama. Nikadhani labda mzee hakusikia, au kateleza. Nikamfuata. "Shikamoo, baba! Ni mie, Rehema!" Yeye anazunguka jiko, na mimi nyuma yake. Akaingia zizi la ng'ombe akajifungia kwa ndani. Hapo ndipo nilipomsikia Amba akipiga kelele: "Rehema, muache! Muache mzee!"

Mama mkwe alinishika mkono akanipeleka jikoni, anacheka mpaka anafuta machozi kwa khanga. Akanikalisha, akanielewesha. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani mmoja anachepuka. Hawasemeshani, na mkamwana halitaji jina la mkwewe. Ndiyo maana hapa siliandiki jina lake, na hamtalisikia kwangu.

"Siku hizi wengi wameacha," akasema. "Huyu wangu hajaacha. Si chuki, mwanangu. Ni heshima, kuishinda hiyo shikamoo yenu."

Nikamgeukia Amba. "Na wewe ulijua?"

"Mie nilijua mzee keshaacha," akasema huku akijikuna kichwa. "Si mambo ya zamani haya?"

Kwa hiyo salamu yangu nzuri kuliko zote ilikuwa utovu wa adabu, na nilikuwa nimeirudia mara mbili, mbio.

Jioni tulikula ndizi za kupikwa na maharage, mimi na mama jikoni, mzee upande wa pili wa ukuta. Mara nikasikia sauti nzito: "Polisi! Mwambie mgeni blanketi zito liko kwenye sanduku. Asilale na baridi."

Nikashtuka. Polisi gani tena? Mama akaninong'oneza kwamba Polisi ni yule mbwa. Mzee akiwa na neno la mkamwana na hakuna mtu wa kulipeleka, humpa mbwa.

"Nijibu?" nikauliza.

"Mjibu mbwa."

Basi nikamwambia Polisi, aliyekuwa anatafuna ganda la ndizi mlangoni, kwamba nashukuru. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kicheko kidogo cha puani.

Ziwa Ngozi

Siku iliyofuata Amba alinipeleka Ziwa Ngozi, tujaribu miguu kabla ya Rungwe. Mimi wa Keko nikisikia ngozi nafikiria makochi ya mabosi. Tulipanda msituni, mizizi imelala njiani kama kamba, tukatokea ghafla ukingoni, na ziwa likawa chini kabisa ndani ya shimo la mlima, la kijani, halina hata wimbi. Mwokota kuni mmoja tuliyemkuta pale alituomba tusipige kelele, eti ziwa halipendi. Nikanyamaza, lakini niliyekuwa namsikiliza ni mume wangu. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Akavuta pampu, akatulia, akaniambia niangalie maji. Niliyaangalia kidogo.

Jioni, watu wakiota moto jikoni, niliingia chumbani kukagua vitu vya kesho. Pampu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Amba. Nikaitoa, nikaitikisa, nikasikia dawa bado ipo. Halafu mkono wangu wa fundi ukagusa mshono wa ule mfuko. Ulikuwa umefumuka, kidole kinapita. Nikaiona pampu inadondoka huko juu, inabingirika kwenye majani, imepotea. Sindano sikuwa nayo. Pampu nikaitia kwenye begi langu, chini ya mfuko wa chapati, nikajiambia nitamwambia asubuhi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Polisi alikuwa amelala kizingitini, mkia unapiga sakafu polepole, kama anavyofanya bwana wake akiwa karibu.

Mianzi

Tuliondoka alfajiri, na alfajiri ya safari mnaijua: kiatu hakionekani, chai inamwagika, mama anafunga maparachichi ambayo hakuna aliyeyaomba. Sikumwambia Amba. Sikukusudia kunyamaza. Nilisahau, mimi ninayekumbuka makufuli ya watu.

Mzee alikuwa mpasuaji mbao enzi za ujana wake, msitu ule anaujua. Mpango ulikuwa hivi: yeye na Polisi watangulie, mimi nije nyuma hatua mia hivi, na Amba awe katikati akipeleka habari huku na kule. Saa nzima ya kwanza nilicheka peke yangu. Miti ilikuwa mikubwa, mbao tupu zimesimama, nikawakumbuka mafundi wetu. Kisha msitu ukawa mianzi, njia ikawa utelezi, na ukungu ukaanza kushuka.

Mianzi ilipokaribia kuisha Amba akanijia, anahema. "Wewe pumzika hapa, kunywa chai. Mie nampelekea mzee chapati, keshafika juu, nageuka."

"Kifua vipi?"

"Freshi tu. Acha kunisachi."

Nikampa mfuko wa chapati. Akapanda, akamezwa na ule weupe. Nikaingiza mkono begini kutafuta kikombe, na vidole vikagusa plastiki.

Sijui niwaelezeje. Niliita, "Amba! Amba!" Ukungu ulikuwa mzito, sauti haikwenda popote. Nilikimbia hatua kama ishirini, nikakuta njia imegawanyika mara mbili, zote za matope, zote na nyayo. Nikarudi. Nikapanda tena. Nikarudi. Kichwani nilikuwa nahesabu: ameondoka bila dawa, kuna baridi, anapanda, anajifanya mzima kwa sababu baba yake anamwona. Simu haikuwa na mtandao. Nilikaa pale karibu saa nzima nikiwa nimeishika ile pampu kwa mikono miwili, naomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpango.

Ndipo nikasikia panga likigonga mti. Ko! Ko! Polisi akatokea kwenye mianzi, kalowa, akanisukuma goti kwa pua. Nyuma yake, mahali nisipopaona, sauti ikasema kwa kukatika:

"Polisi! Mwambie mkamwana wangu, mumewe kabanwa na kifua. Dawa aiweke juu ya jiwe hapo, arudi nyuma, niichukue."

Niliitazama pampu, nikalitazama jiwe. Adabu ilikuwa inaniambia niiweke. Lakini mzee alikuwa anahema kuliko mimi, na sikujua kama amewahi kuishika pampu maishani mwake.

"Polisi," nikasema, "mwambie baba siiweki. Mtu akibanwa sana hawezi kuivuta mwenyewe, lazima asaidiwe, na mie ndiye niliyefundishwa hospitali. Naipeleka mie."

Nilisikia maji tu yakidondoka kwenye majani.

"Polisi, mwambie afuate panga. Asiende kushoto. Kushoto kuna korongo."

Juu ya miti

Nyinyi mnaocheka kwamba karakana imeniharibu masikio, siku hiyo yaliniokoa. Mti mbichi ukigongwa hutoa mlio mzito uliofunga, mkavu hulia wazi. Kila mzee alipogonga nilijua kama amekata kona, kama amepita kwenye magogo, kama yuko karibu. Ko! Nakwenda. Ko! Nakwenda. Katikati nilimsikia akiteleza, akiguna, akiinuka. Nilitaka kumwambia pole. Nikamwambia Polisi.

Kisha miti ikaisha. Juu kule ni majani marefu na vichaka, hakuna cha kugonga. Mlio ukakatika, nikasimama. Baada ya muda nikasikia chuma juu ya jiwe. Mzee alikuwa anagonga mawe. Nikaufuata huo mlio kwa magoti na mikono, suruali imelowa hadi kiunoni, pampu nimeiuma kwa meno kwa sababu sikuviamini tena vidole vyangu wala mifuko yangu.

Halafu mlio ukakoma karibu kabisa. "Polisi, mwambie hapa ni mwamba, na pembeni pamekatika. Ashike fimbo."

Fimbo ikatokea kwenye ukungu, kichwa chake kimenielekea. Nikaishika. Upande wa pili kulikuwa na koti la mvua, kola imeinuliwa hadi juu ya masikio, na mgongo. Tangu siku ile ya migomba, ndiyo mara pekee nimemwona baba mkwe kwa karibu: mgongo, na mkono uliokuja nyuma bila uso kugeuka. Alinivuta polepole, hatua moja, anangoja, hatua nyingine. Sikutazama pembeni. Nilitazama mshono wa lile koti, uliofumuka begani.

Amba alikuwa ameegemea jiwe, amekaa kama anayeinama kufunga kiatu, mabega yanapanda na kushuka. Midomo imebadilika rangi. Aliniona akajaribu kusema, neno halikutoka. Nikaitikisa pampu, nikamwinua kidevu, nikamwambia atoe pumzi, nikabonyeza. Tukangoja. Nikabonyeza tena. Tukangoja. Sijui mara ngapi. Nilikuwa navuta pumzi pamoja naye, kama ningeweza kumvutia. Mwishoni ile filimbi ya kifuani ikashuka, na mkono wake ukanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu.

Mzee alikuwa amesimama hatua chache, ametupa mgongo.

"Polisi," akauliza, na sauti haikuwa nzito tena. "Anapumua?"

Mbwa alikuwa ananiangalia. Mimi nikamsahau mbwa.

"Anapumua, baba."

Ilinitoka hivyo, moja kwa moja, kwa mkwe wangu. Nikaziba mdomo. Mzee hakukimbia. Hakugeuka pia. Akasema neno lao la shukrani, "Ndaga," na nikaona mabega yake yameshuka.

Amba alipopata rangi, kilele kilikuwa hatua kama thelathini tu kutoka pale. "Polisi, mpeleke," mzee akasema. Nikaenda na mbwa, kwa sababu Amba naye alinisukuma. Wanasema siku ya jua unaona hadi Ziwa Nyasa. Mimi niliona ukungu na rundo la mawe. Nikaligusa, nikalia hapo juu, Polisi ananilamba mkono. Msiseme nililia kwa furaha.

Kuteremka

Tulishuka kwa mpangilio uleule, ila sasa Amba alitembea na mimi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kumwambia, yeye akaniwahi.

"Yaani mie zembe kweli. Nimeiacha kitandani, wewe ukaiona ukaibeba. Ningekufa leo."

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Angalia utelezi."

Nyumbani mama mkwe alinikumbatia, akamgombeza mwanawe kama mtoto wa chekechea, akachinja jogoo, akanipa paja. Majirani wakaja kunitazama. Kila aliyenisifu niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Lile paja sikulisikia ladha. Upande wa pili wa ukuta mzee alikula kimya, na kwa siku mbili zilizobaki hakumtuma Polisi kwangu na neno lolote. Nikajua nimemkosea kwa kumjibu kule juu. Asubuhi ya kuondoka nilikuta ile fimbo imeegemezwa kwenye begi langu.

Ukonga

Tangu turudi nimeshona mifuko yenye zipu kwenye kila koti na kila shati la Amba. Anadhani ni mapenzi. Ni mapenzi, lakini si hayo tu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakula mchana, simu yake ikaita. Alikuwa na mkono mchafu, akabonyeza spika. Mzee. Wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana ng'ombe, mvua, kifua. Nikainuka niondoke, ndiyo adabu. Mara nikasikia:

"Polisi yupo hapo?"

Amba akacheka. "Baba, Polisi si yuko huko kwako?"

"Huyu wa huku kalala. Namtaka wa huko."

Amba akanitazama. Nikasimama mlangoni.

"Polisi, mwambie mkamwana wangu, dawa ya mtu ikae kwa mtu. Akiitoa mfukoni jioni, asubuhi aseme. Mimi nilidhani kairudisha."

Nikaelewa kwa nini kule kwenye mianzi mzee hakuuliza kama ninayo. Aliteremka moja kwa moja kwangu. Alijua tangu jioni ile Polisi alipokuwa kizingitini, na alimla yule jogoo na kuzisikia sifa zangu zote pamoja nasi, kimya.

Tonge la Amba lilisimama hewani. "Uliitoa wewe?"

"Mfuko ulikuwa umefumuka," nikasema. "Niliogopa itadondoka. Nikasahau kukwambia. Halafu nikaogopa kukwambia." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Alilirudisha tonge sahanini, akanawa, akafungua zipu ya shati, akaitoa pampu akaitazama, akairudisha, akafunga. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, ikabaki nafasi ya mtu mmoja ubavuni pake. Sikuweza kusogea.

Simu ilikuwa bado iko hewani.

"Polisi."

"Naam," nikaitika, maana mbwa mwingine hakuwepo.

"Mkamwana wangu anapumua?"

Nilikaa kwenye ile nafasi.

"Napumua, baba."